Bakshishi na Desturi za Ugenini

Ndugu wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe! Somo letu la leo ni bakshishi, yaani fedha apewayo mtumishi kwa hiari baada ya kazi yake.

Kila nchi ina desturi yake. Ukila hotelini Marekani, hutazamiwa kuongeza senti 15 hadi 20 kwa kila dola ya chakula. Kwa nini? Tangu mwaka 1991 sheria ya taifa humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi wa mezani dola 2.13 tu kwa saa, ingawa majimbo mengi yamepandisha kiwango hicho. Mshahara uliobaki hutoka kwa wageni. Lakini Japani, ukiacha fedha mezani, huenda mtumishi akakufuata akurudishie. Basi msafiri na aulize kwanza.

Sasa tutazame kwetu. Mgeni akitembezwa katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kisha akamwambia kiongozi wake "asante" tu, asiitwe bahili. Labda ndiyo desturi ya kwao. Kiongozi asiombe, akipewa, apokee na kushukuru.

Tena msichanganye bakshishi na rushwa. Bakshishi haidaiwi. Karani akidai "chai" kabla ya kukupa haki yako, hiyo ni rushwa, nayo imekatazwa na Sheria Na. 11 ya mwaka 2007.

Jadilini darasani: Je, ni wakati gani zawadi hugeuka kuwa rushwa?