Kompyuta ya Chama na Mizigo Isiyoagizwa



Mkulima aletaye ghalani korosho zenye kokoto huambiwa akazichambue upya. Lakini kompyuta mpya huingia ofisini na kokoto zake, nasi tukazipokea: michezo, matangazo, na kinga ya virusi ya majaribio ambayo muda wake ukiisha hudai fedha. Katibu asiyejua hudhani ni ada ya lazima, akailipa kwa fedha za wanachama. Ziondoeni siku ile ile ya kwanza. Kompyuta ya Windows ina kinga yake tayari.

Zito zaidi ni hili. Tarehe 14 Oktoba 2025, msimu wetu ukifunguka, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi kongwe hazina. Je, zitupwe? Linux hupatikana bila malipo, na baadhi ya matoleo yake huendesha mashine hizo vizuri. Mfumo wa MUVU hufunguliwa kwa kivinjari, basi hautegemei Windows. Majedwali hufunguliwa kwa LibreOffice, nduguye ile OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004. Printa ndiyo ya kujaribiwa kwanza. Hapo ndipo wengi hukwama.

Msilifanye jambo hili wakati wa minada. Ngojeni Aprili, na kabla ya yote nakilini daftari la wanachama kwenye diski ya nje.