PUMZI TULIYOPEWA



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, hutufundisha kwamba mtu alikuwa udongo tu mpaka Mungu alipompa pumzi. Leo tuitazame pumzi hiyo.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kutwa kucha, hiyo ni zaidi ya mara 17,000. Hewa huingia puani, ambako vinyweleo na ute hunasa vumbi, kisha hushuka hadi mapafuni. Humo mna mamilioni ya vifuko vidogo sana. Katika vifuko hivyo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa ya kaboni, nasi tukaitoa nje. Wala hatuwezi kuvuta pumzi ya leo tukaiweka akiba ya kesho. Kila mara tunapewa upya.

Tena pumzi haina ukuta. Hewa aitoayo jirani chumbani ndiyo tuivutayo sisi. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Basi si laana, wala si uchawi. Mgonjwa akikohoa, kijidudu husafiri hewani. Lakini hata leo wako ndugu zetu wanaoficha kikohozi kwa kuogopa maneno ya watu, na huku wanalala chumba kimoja na watoto wao. Na kwa nini waogope? Ni kwa sababu sisi wenyewe, tukisikia mtu anakohoa, twaanza kunong'ona.

Ndugu, kikohozi kikifika majuma mawili, au mtu akikonda na kutokwa jasho usiku, aende akapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali hapa Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa kawaida humezwa miezi 6. Asiziache mwezi wa pili kwa kuwa amepata nafuu, maana ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu. Azimezaye ipasavyo, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya majuma machache.

Nasi tulio wazima tufungue madirisha, nyumbani na kanisani. Tufunike mdomo tukikohoa. Tumbaku tuiache. Moshi wa kuni tuufanyie njia ya kutokea jikoni, kwa maana mama anayepika huuvuta pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Bwana wetu hakumkimbia mwenye ukoma, bali alimgusa. Je, jirani yako anayekohoa amepata mtu wa kumsindikiza zahanati, au amepata wa kumsema tu?

Tuombe. Ee Mungu uliyetupa pumzi, tusaidie kuitunza, na kuitunza ya jirani zetu pia. Uwaponye wagonjwa, utuondolee sisi hofu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.