Ukucha na Shina Lake



Nimeombwa niseme machache juu ya afya, nami nimechagua kitu kidogo: ukucha. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata viwe viwili, bila kucha havimvunji.

Ukucha umefanywa kwa keratini, kitu kile kile kilichomo katika nywele zetu na katika pembe na kwato za ng'ombe. Ule ugumu tunaouona umekwisha kufa, ndiyo sababu twaukata pasipo maumivu. Kilicho hai ni shina, lililofichwa chini ya ngozi nyuma ya ukucha. Ule weupe mfano wa mwezi mchanga, uonekanao hasa katika kidole gumba, ndiyo ncha ya shina hilo. Hapo ukucha hufanyika na kusukumwa mbele. Wa mkono hukua karibu milimeta 3 kwa mwezi. Wa mguu, nusu ya kiasi hicho au pungufu. Ukucha wa mkono uking'oka hurudi kwa miezi 6 hivi. Wa kidole gumba cha mguu, miezi 12 hadi 18.

Hesabu hiyo nilijifunza kwa mguu wangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliingiwa na funza kando ya ukucha, nikaona haya kusema. Nikamchokoa kwa pini iliyokwisha kupita miguuni mwa wenzangu. Kidole kikafanya usaha, ukucha ukang'oka. Ulipoota uliota umepinda, na umepinda hata leo, kwa kuwa shina lilidhurika.

Ndugu zangu, funza si laana. Ni mgeni aliyefika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akaenea sehemu kubwa ya bara. Hukaa katika vumbi kavu, naye hachagui mguu wa nani.

Sisi wa Ainabkoi, wakulima wa viazi na ngano, miguu yetu i udongoni kila siku. Basi naomba mambo matatu. Pini moja isitumiwe na watu wawili, na kidonda kisiachwe wazi, maana pepopunda huingia hapo. Kucha zikatwe kwa kunyooka, pembe zisichimbwe. Na mtoto afichaye mguu asikaripiwe, bali apelekwe zahanati mapema.

Ukucha uliokatwa huota tena. Shina likifa, halina badala.