KITAMBAA CHENYE VUMBI NI MSASA

(Mazungumzo ya mfanyi kazi wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme maneno machache juu ya kazi ya mikono. Wengine walicheka waliposikia kwamba nitazungumza juu ya kukausha motokaa. Walisema, "Sisi hatuna motokaa, tuna miguu." Ni kweli. Lakini nawauliza, ni nani anayeziosha motokaa za mji huu? Ni sisi, na watoto wetu, na ndugu zetu wasiopata kazi ya mwezi. Hata katika mkutano huu wamo wanachama ambao kila Jumamosi huosha magari ili kuongeza mshahara. Na mwenye gari akiona mkwaruzo, halaumu jua wala upepo. Humlaumu aliyeshika kitambaa.

Mwaka 2012, kabla sijaingia reli, nilikuwa kibarua mahali pa kuosha magari. Siku moja ililetwa motokaa nyeusi, nzuri sana. Niliiosha kwa bidii. Kisha nikachukua fulana kuukuu iliyokuwa imetundikwa uani, nikaipangusa gari kwa nguvu, nikizungusha mkono kama mtu asuguaye sufuria. Nilitaka ing'are, nayo ikang'aa. Lakini mwenyewe alipoitoa juani, bonneti nzima ilionekana ina mistari myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Bwana aliyeniandika akakata mshahara wangu wote wa wiki mbili. Nyumbani mama alikuwa akingojea unga. Sikusema neno, maana sikujua neno la kusema.

Ndugu zangu, hasara ile ilikuja kwa sababu mbili za ujinga: ujinga wa mkono na ujinga wa sheria. Leo nataka niwaondolee yote mawili.

Nianze na mkono. Nilipoandikwa katika karakana nilimkuta mzee mmoja, fundi wa kupaka rangi mabehewa. Nilimweleza habari ya ile motokaa nyeusi. Hakunijibu. Alichukua kitambaa kilichokuwa juu ya benchi, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe, na mchanga ukaanguka. Akasema, "Hiki si kitambaa, mwanangu. Huu ni msasa." Tangu siku ile nilielewa. Siyo maji yanayokwaruza rangi, wala siyo kitambaa chenyewe. Ni chembe za mchanga zilizo katikati ya kitambaa na rangi.

Mjue pia kwamba motokaa nyingi za siku hizi zina rangi chini na vanishi safi juu yake. Ile vanishi ndiyo inayong'aa. Unene wake kwa kawaida ni kama sehemu 5 za milimita moja iliyogawanywa mara 100. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi hiyo. Basi ukiisukuma kwa mkono, inachora. Ukizungusha mkono, inachora duara. Gari jeusi huonyesha mikwaruzo hiyo zaidi, lakini hata jeupe inayo.

Mtu aweza kusema, "Basi tuliache gari likauke lenyewe." Hiyo nayo si dawa. Maji, hasa ya kisima, yana chumvichumvi na chokaa. Maji yakiondoka kwa jua, chokaa hubaki, na gari huwa na madoa meupe. Yakiachwa muda mrefu, madoa hayo hula vanishi. Kwa hiyo ni lazima kukausha, lakini kukausha kwa akili.

Haya ndiyo mambo ya kufuata.

Kwanza, gari lioshwe kweli kweli. Anza kwa kulimwagia maji mengi ili vumbi na matope yaondoke kabla hujaligusa. Uwe na ndoo mbili: moja ya sabuni, na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla hujakirudisha katika sabuni. Usilipanguse kamwe gari kavu lenye vumbi. Hilo ndilo kosa tunalolifanya kila asubuhi mbele ya wakubwa ili tuonekane tuna bidii.

Pili, lipeleke gari kivulini na uache bonneti ipoe. Juani maji hukauka kabla hujayafikia.

Tatu, maji yenyewe yakusaidie. Toa kile kichwa cha mpira wa maji, uache maji yatiririke polepole kutoka juu ya paa kwenda chini. Maji yanayotiririka pamoja huvutana na kuondoka pamoja, na yanayobaki ni machache. Hapo kazi ya kitambaa imekwisha kupungua.

Nne, chagua kitambaa. Kilicho bora ni taulo nene ya maikrofaiba, ambayo nyuzi zake nyembamba sana hunywa maji mengi. Ukiwa na ngozi laini ya kupangusia, iloweshe na kuikamua kwanza. Lakini ngozi haina manyoya ya kuficha chembe iliyosalia, hivyo yataka uangalifu zaidi. Fulana kuukuu, gunia, gazeti na sweta yenye vifungo havifai. Kata lebo iliyoshonwa pembeni mwa taulo, maana nayo hukwaruza.

Tano, anza juu: paa, kisha vioo, bonneti na buti, halafu milango, na mwisho sehemu za chini. Chini ndiko kwenye mchanga. Tandaza taulo juu ya rangi, uivute kwako polepole bila kuikandamiza, au uigonge kwa kiganja ili inywe maji. Usisugue, wala usizungushe. Ikunje mara mbili, na upande mmoja ukilowa, geuza upande mwingine.

Sita, magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma. Kitambaa cha gurudumu kisirudi kamwe kwenye bonneti.

Saba, taulo ikianguka chini, kazi yake imekwisha siku hiyo. Usiikung'ute ukaendelea. Ifue peke yake kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzuia nyuzi kunywa maji. Uianike mbali na vumbi.

Nane, vua pete na saa, na uangalie mshipi wako usije ukaegemea gari kwa chuma chake.

Sasa nije kwa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la mfanyi kazi alilolitenda kwa kusudi. Yasema tena kwamba makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mimi sikukwaruza kwa kusudi. Nami nilikatwa mshahara wote, si theluthi mbili. Sheria ilikuwa imetungwa miaka mitano kabla, nami nikainamisha kichwa nikaenda zangu kwa miguu.

Kwa hiyo nawashauri jambo moja zaidi. Kabla hujamwaga maji, lizunguke gari pamoja na mwenyewe. Mwonyeshe mikwaruzo ya zamani, na ukiweza iandike kwenye karatasi. Ukikatwa mshahara, uliza ni kwa kosa gani na ni kiasi gani, kisha uje ofisini kwa Chama mara moja, usingoje mwezi upite.

Lakini sikilizeni, sheria si mwavuli wa uvivu. Katibu wetu hawezi kumtetea vizuri mtu aliyepangusa gari la watu kwa gunia huku akijua. Mfanyi kazi mwenye ujuzi husimama mbele ya mwajiri bila kutetemeka, kwa kuwa kazi yake yamsemea.

Jumamosi, baada ya mkutano, nitaliosha gari la tawi letu hapa uani, lile lililonunuliwa kwa michango yetu wenyewe. Vijana waje watazame. Kila mtu alete taulo yake, nami nitaleta karatasi nyeupe. Tutazikung'uta kwanza.