Ulizia Mlango wa Kutokea: Kuchagua Mahali pa Kupangisha Wiki



Anayetafuta chumba Dar es Salaam huuliza maji, umeme, choo, kisha kama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka. Atahamaje, hilo haliulizi. Nasi hatukuliuliza tulipoitafutia wiki yetu seva.

Wiki hiyo, tovuti ambayo washiriki wenyewe huihariri, ilikusanya majina ya samaki kwa wavuvi, kuanzia Tanga hadi Kilwa. Tulipanga seva ya bei rahisi kuliko zote tulizoziona. Mwaka wa pili ada ikapanda karibu mara tatu. Tulipotaka kuhama, tukagundua kikoa, yaani anwani ya tovuti, kimesajiliwa kwa jina la kampuni iliyotupangisha, si letu. Ilituchukua miezi minne ya barua pepe kukikomboa. Siku hizi, kikoa kikiwa cha .tz, natazama mwenyewe kumbukumbu za usajili zina jina la nani. Risiti peke yake hainitoshi.

Tovuti ya duka hukaa kama bango. Wiki huandikwa upya kila siku, na MediaWiki, programu huria inayoendesha Wikipedia, hutunza kila toleo la kila ukurasa ndani ya hifadhidata. Ndiyo maana ahadi ya "nafasi bila kikomo" hainibabaishi. Kinachoelemewa mapema ni prosesa na hifadhidata, hasa roboti zinapofukua kurasa za historia ambazo binadamu hafungui. Aprili 2025 Wakfu wa Wikimedia ulieleza kwamba asilimia 65 ya maombi yanayoigharimu zaidi miundombinu yake yalitoka kwa roboti. Kama wao wanalalamika, sisi tunaochangia seva moja na majirani tusiowajua tujiandae.

Kwa hiyo muulize mpangishaji ana toleo gani la PHP, lugha iliyoandikiwa MediaWiki. MediaWiki 1.43, iliyotoka Desemba 2024 na kuahidiwa matunzo ya miaka mitatu, inadai PHP 8.1 kwenda juu. Muulize kama utaingia kwenye seva ukiwa mbali kwa SSH na kuendesha mwenyewe kazi za matengenezo, au utafungiwa kwenye paneli yake. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda usiipigie makofi: bado inamruhusu kuzimika karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka.

Seva iwe ya nyumbani au ya ng'ambo? Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na seva za ng'ambo zikawa mbali kweli. Wahariri wako wakiwa hapa nchini, mpangishaji wa hapa ana hoja, mradi jenereta yake uione kwa macho.

Popote utakapopanga, nakala rudufu zisilale nyumba moja na wiki. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake. Chukua hifadhidata, folda ya picha na faili la mipangilio, LocalSettings.php, uvihifadhi kwa mtu mwingine kabisa.

Kisha jaribu kuvirudisha. Sisi hufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini. Jaribio la kwanza maandishi yote yalirudi, kolekole na changu wakabaki majina matupu: folda ya picha tulikuwa tumeisahau.