Matatu ya 111

Wasikilizaji, tangazo mlilisikia. Machi 2025 ilisemwa hisabati itakuwa ya hiari katika Sekondari Pevu. Aprili mwaka huohuo Waziri wa Elimu Julius Ogamba akasema ni lazima, mikondo yote mitatu ya masomo. Wazazi walipiga makofi. Sisi tunauliza: mwalimu yuko wapi?

Maana lazima hii ina ngazi mbili. Wa mkondo wa sayansi wasome hisabati kamili. Wengine, hisabati ya namna fulani. Hiyo ya namna fulani ndiyo inayotukosesha usingizi. Itaangukia nani kama si mtoto wa Kawangware, wa Kabiria, ambaye shule yake haina maabara ya mkondo wa sayansi? Mwalimu yuko wapi?

Na hisabati kamili yaweza kuanzia hata barabarani. Chukua matatu ya 111, ile ipitayo hapa Dagoretti Corner ikielekea Ngong. Muulize mtoto: 111 ni nambari tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? (Tasa! Jina la uonevu hilo, kwa nambari zilizozaa mambo mengi hivi.) Wengi watajibu ndiyo. Sivyo: ni 3 mara 37. Lakini isome 111 hiyohiyo kwa hesabu ya kompyuta, isiyojua ila sifuri na moja. Hapo kila nafasi ni maradufu ya iliyo kulia kwake: nne, na mbili, na moja. Saba. Na saba ni tasa.

Sasa, kwa hesabu hiyohiyo ya kompyuta, endelea kupanga moja, moja, moja, mpaka zitimie 136,279,841. Hapo umefikia nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, aliyoipata Mmarekani Luke Durant Oktoba 2024. Kompyuta ya Dublin iliinusa, ya Texas ikathibitisha. Kwa hesabu yetu ya kawaida ina tarakimu 41,024,320.

Hailipi karo, mtasema. Kweli, hilo jitu lenyewe halina kazi benki. Ila wadogo zake, wa tarakimu mia tatu hivi, wawili wakizidishwa, huwa kufuli la pesa mtandaoni. Kuwazidisha ni kufumba na kufumbua. Kupewa jibu na kuambiwa uwataje ni wawili gani, hapo ndipo mwizi hukwama.

Mtoto anaweza kuanzia kwenye matatu akafika kwenye kufuli hilo. Nani atamshika mkono? Mwalimu. Yuko wapi? Lazima ya kwenye karatasi haifundishi mtu.

Mzazi wa Riruta, mzazi wa Waithaka, usiende mkutanoni kusikiliza karo tu. Simama! Uliza shule ina walimu wangapi wa hisabati, na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) italeta wengine lini. Ukijibiwa nusunusu, uliza tena. Wabunge wetu ni wawili, wa Dagoretti Kaskazini na wa Kusini. Wote wana simu. Wapigieni. Wapigieni leo, na kesho muwapigie tena, mpaka mwalimu aonekane darasani na chaki mkononi!