Kodi ya Mwezi wa Saba: Mada kwa Vijana Wanaoanza Kupanga

Nimeombwa nizungumzie kujitegemea. Neno hilo ni pana, kwa hiyo nitashika jambo moja: chumba cha kwanza cha kupanga, hapa Dar es Salaam.

Tuanze na hesabu. Chukulia chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000. Dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Umeshatoa 420,000 na hata godoro huna. Hata hivyo wengi hujibana, shangazi akaongezea, fedha ikapatikana. Hatari inakuja baadaye. Ukishalipa, chumba kinaanza kuonekana cha bure. Mshahara unaingia na hakuna anayekudai, basi mwezi huu sabufa, mwezi ujao zulia. Mwezi wa sita ukiisha, mwenye nyumba anabisha hodi. Nimewaona vijana wenye kazi wakirudi kwao na virago juu ya bajaji kwa sababu walisahau kwamba kodi inatembea hata wakiwa wamelala.

Nawasihi: mwezi uleule wa kuhamia, weka pembeni 60,000 ya kodi ijayo, mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Fanya hivyo kila mwezi. Siku mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi, mwenye fedha tayari anaweza kujadiliana naye au kuhama. Mwenye deni anainamisha kichwa tu.

Na chumba kipimwe kwa mshahara unaofika mkononi. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. NSSF kwa kawaida asilimia 10. Kwenye 500,000 zimeshaondoka 125,000, na kodi ya mapato bado.

Sasa twende tukakione chumba. Mimi cha kwanza nilikipata karibu na Bonde la Msimbazi, mwezi wa Januari, jua kali, ukuta umepakwa rangi mpya. Sikujiuliza kwa nini rangi iliishia usawa wa goti. Masika ya Aprili yalinijibu: maji yaliingia usiku, nikaamka viatu vinaelea, na asubuhi chini ya ile rangi ulijitokeza mstari wa kahawia wa mafuriko ya zamani. Kodi yangu ya miezi mitatu ilikuwa bado mikononi mwa mwenye nyumba, na haikurudi. Tangu hapo huwaambia vijana: angalieni ukuta kwa chini, kisha mwulizeni mama anayeuza vitumbua nje. Yeye hana chumba cha kupangisha.

Ulizeni pia LUKU. Je, mita ni ya chumba chako au ya nyumba nzima? Mkichangia sawa kwa sawa, wewe mwenye taa moja na simu utamlipia mwenye friji, na ugomvi wa umeme huvunja ujirani haraka kuliko ugomvi wowote ninaoujua. Kubalianeni kabla hujatoa fedha.

Mkiafikiana, andikianeni mkataba na udai stakabadhi, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kwenu. Kisha wiki hiyohiyo nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho, mwenyekiti awe anajua unalala nyumba ipi.